Ghazala na Folda Yenye Nukta

Ghazala bint Miftah hajawahi kupiga picha hata moja ya harusi, na ukimpa kamera ataishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani aliyelowa. Hata hivyo, kwa miaka kumi na moja sasa, harusi nyingi za maana hapa Misrata zimepita mikononi mwake. Wasichana watatu wa Studio Yasmini ndio wanaokwenda ukumbini na mataa na vikorokoro vyao. Yeye hubaki nyuma ya duka, katika chumba kisicho na dirisha, na kompyuta yake mpakato, rundo la diski, na kibirika cha chai nyekundu ambayo huichemsha mpaka inakuwa nzito kama dawa ya kikohozi.

Kazi yake ni kutafuta, kupanga, kunakili na kufuta. Inaonekana kazi ndogo mpaka ukumbuke kwamba harusi zetu huchukua karibu wiki nzima, na kila siku ina nguo zake, nyimbo zake na shangazi zake wanaotaka kuonekana. Harusi moja inaweza kuleta mafaili elfu mbili. Msimu wa baada ya Idi, studio hupata harusi kumi na tano. Mtu anayebofya faili moja moja kwa kipanya angezeeka kabla bibi harusi wa kwanza hajapata albamu yake.

Ghazala habofyi. Ujana wake aliumaliza katika ofisi moja ya takwimu, enzi zile kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, hakina vipicha wala rangi, nawe ulikaa mbele yake ukaandika amri, kikatii. Wenzake walipohamia kwenye kipanya na madirisha ya rangi rangi, yeye aligoma. Mpaka leo, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, huandika skripti. Skripti si kitu cha ajabu. Ni faili dogo lenye amri, mstari mmoja baada ya mwingine, kama kikaratasi unachomwachia mtu wa nyumbani unapotoka: nenda stoo, tafuta magunia ya mwaka jana, yaliyo matupu yatupe, yaliyojaa yapange kwa tarehe. Tofauti ni moja tu. Mtu wa nyumbani ana akili yake, akiona jambo haliingii akilini atauliza. Skripti haiulizi.

Skripti zake amezipa majina ya jamaa. Ya kutafuta inaitwa Shangazi, kwa heshima ya dada ya baba yake, marehemu Embarka, aliyeweza kuingia nyumbani kwako kunywa chai na kabla povu halijatulia akawa ameshajua umeficha wapi sukari. Ya kulinganisha mafaili na kusema yapi yamerudiwa mara mbili inaitwa Wifi, maana wifi yake mwenyewe, anasema, hajapata kazi nyingine duniani ila kulinganisha. Wasichana wa studio hupita mlangoni na kumwuliza, "Leo Shangazi kaamkaje?" Naye hujibu bila kugeuka kwamba kaamka vizuri, ni wao waliochelewa.

Sasa, kwetu harusi ni mbili ndani ya moja. Iko ya wanaume, ya kufunga nikahi na msafara wa magari na chakula, ambayo hata mpita njia anaweza kuitazama. Na iko ya wanawake, ukumbini, ambako simu hukusanywa mlangoni na mama mmoja mwenye kifua kipana, kisha mashuka ya kujisitiri huvuliwa, nywele huachiwa, na watu wazima wenye wajukuu hucheza mpaka viatu vinaachwa pembeni. Picha za ukumbini ni za mama wa bibi harusi na watu atakaowachagua yeye. Hazitoki. Studio nyingine zina kamera nzuri kuliko za Yasmini, na moja ina hata kile kidude kinachoruka. Lakini kina mama wanakuja Yasmini kwa sababu katika miaka kumi na moja haijatoka picha hata moja.

Hiyo ilikuwa kazi ya nukta. Katika kompyuta ya aina anayotumia Ghazala, folda ukiianzisha jina lake kwa nukta, haionekani. Iko pale pale, imejaa, lakini anayefungua hovyo haioni. Kwa hiyo kila harusi ilikuwa na folda yake kubwa, na ndani yake mafaili ya wanaume yakikaa wazi, na kando yao folda ndogo iitwayo ndani, yenye nukta mbele. Kaka wa bibi harusi akija dukani kuchagua picha za msafara, aliona msafara tu. Hajja Najiya, mwenye studio, hakuwahi kuelewa inakuwaje, ila aliipenda sana nukta hiyo na kuwasimulia wateja kana kwamba aliibuni yeye.

Msimu uliopita alikuja Bi Zohra, aliyekuwa akimwoza binti yake Rihab. Bi Zohra ni mwalimu mkuu mstaafu, na hajastaafu usoni. Alikuja dukani mara tatu kabla ya kulipa arubuni. Mara ya tatu akasema hataki kuzungumza na wapigapicha.

"Nataka huyo anayezishika zikishapigwa," alisema.

Ghazala akatoka chumbani kwake, anapepesa macho kwa mwanga.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, hajja."

"Unazitazama?"

"Hapana. Mimi nasoma majina na tarehe. Sifungui. Nikianza kufungua nitajua mambo ya watu, na mimi nina mdomo."

Bi Zohra alimtazama kwa muda, kama anayesahihisha mtihani. "Na zikitoka?"

Watu wengi hapo wangeapa kwamba haziwezi kutoka. Ghazala ni mtu wa mashine, na anajua hakuna kitu kisichoweza kutoka. "Zikitoka," alisema, "nitakuja mwenyewe mlangoni kwako kukwambia, kabla jua halijazama siku hiyo hiyo."

"Haya," akasema Bi Zohra, akafungua pochi.

Harusi ikapita salama. Rihab akahamia kwa mumewe Anas, upande wa pili wa mji. Siku ya saba, ambayo ilikuwa Ijumaa, baba yake Anas aliwaalika wanaume wa koo zote mbili kwenye marbua yake, yaani sebule ya wageni wanaume, wale bazini, ule ugali wetu wa shayiri, kisha watazame nikahi na msafara kwenye runinga kubwa. Studio ikaagizwa kuwaandalia kijiti cha flashi chenye video zote za wanaume.

Hapo ndipo Bashir anapoingia. Bashir ni mpigapicha wa upande wa wanaume, kijana mwema, mvivu wa kupindukia. Mafaili yake huyaleta katika folda iitwayo mpya, na ndani yake kuna mpya kabisa, na ndani yake kuna mpya ya mwisho, na humo ndani, ukiwa umeshakata tamaa, kuna nyingine iitwayo mpya. Skripti ya zamani ya Ghazala ya kunakili ilikuwa inachukua yaliyo juu tu, yale yanayoonekana. Haikujua kuzama. Jumatano hiyo, akiwa na harusi sita mezani, Ghazala akachoka. Akaandika skripti mpya. Alimwambia Shangazi aingie katika kila folda, na folda ya ndani ya folda, mpaka mwisho, na kila video ya siku ile ya harusi ainakili kwenye flashi, zote pamoja, zipangwe kwa saa.

Ghazala ana sharti moja ambalo hulihubiri kwa yeyote anayetaka kusikia. Skripti mpya huiambii itende. Kwanza unaiambia iseme: itaje kwa mdomo tu kila faili itakaloligusa, nawe usome orodha yote, ndipo uiruhusu. Jumatano hiyo aliijaribu skripti kwenye folda ya mahafali ya mpwa wake, ikafanya kazi kama maji. Akafurahi. Akajiona bingwa. Akairuhusu bila kuitaka iseme kwanza. Kazi ya nusu siku iliisha kabla hajamaliza kikombe, na Alhamisi mdogo wa Anas akaja kuchukua flashi.

Ijumaa baada ya chakula, Ghazala alikuwa nyumbani kwa dada yake, miguu juu ya mto, kompyuta mapajani. Skripti zake zote huandika daftari la nyayo, mstari mmoja kwa kila faili: limetoka wapi, limekwenda wapi. Alilifungua daftari la Jumatano bila sababu ya maana. Nasema kweli, alitaka kujipongeza tu.

Mafaili mia mbili na kumi na manne.

Bashir, alifikiri Ghazala, tangu lini anafanya kazi kiasi hicho? Akashuka na orodha. Mpya, mpya kabisa, mpya ya mwisho. Mstari wa mia moja thelathini na mbili ulianza njia nyingine. Ulianza na folda ya ndani, yenye nukta mbele.

Nukta huwaficha watu. Haimfichi Shangazi. Anayechungulia tu haioni folda ile, lakini ukimtuma mtu apekue kila chumba na kila sanduku, atafungua na hilo, na Ghazala ndiye aliyemtuma. Mwenyewe alikuwa akilijua jambo hili tangu ujana wake. Rekodi themanini na tatu za ukumbini zilikuwa zimelala kwenye flashi moja na nikahi, bila folda, bila nukta, zikisubiri zamu yao. Saa ilikuwa inakaribia kumi na moja ya jioni kwa saa za Kiswahili, yaani alasiri imekwisha na wageni wameshakaa.

Akapiga simu kwa mama yake Anas, Hajja Masuda.

"Hajja, uko peke yako?"

"Mwanangu, nina wanawake kumi na sita jikoni na bazini ya watu sitini imeliwa na vyombo vinanitazama. Peke yangu nitakuwa kaburini."

"Wanaume wameshaanza kutazama?"

"Ndiyo kwanza wameanza. Namsikia shehe anasoma hotuba ya nikahi."

"Hajja, kwenye kile kijiti tumo na sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi wanawake. Ukumbi wote. Kosa ni langu."

Ghazala akasikia mwiko ukiwekwa chini polepole.

"Na mimi nimo?"

"Na wewe umo."

"Nacheza?"

"Sijui, hajja. Mimi sitazami."

"Nacheza," alisema Hajja Masuda kwa huzuni. "Njoo na hiyo mashine yako. Pita mlango wa jikoni. Na usipige honi."

Ghazala huendesha kigari chake cheupe kwa mwendo ambao hata wenye mikokoteni huulalamikia. Siku hiyo kilikwenda. Alifika jikoni jasho linamtiririka, kompyuta kaikumbatia kifuani, na kukuta wanawake wote wanajua.

"Nimewaambia," alisema Hajja Masuda. "Jikoni hakuna cha kuficha. Afadhali wajue wanyamaze kuliko wabuni."

Kupitia ukutani zilisikika honi za magari. Msafara. Ghazala akafungua daftari la nyayo, akafuata kwa kidole. "Baada ya msafara kuna rekodi moja fupi ya kupeana mikono. Halafu ni sisi."

"Fupi kiasi gani?"

"Dakika mbili."

Hajja Masuda alikwenda nyuma ya magunia ya unga, kwenye swichi kuu ya nyumba, akaishusha kama anayefunga dirisha la baridi. Honi zikakatika. Kutoka marbua ukaja mguno wa wanaume sitini, mguno mzito wa mazoea, na sauti ya mzee mmoja ikisema, "Umekwenda zake huo. Leteni chai."

Haikupita hata dakika, Anas akaja mlangoni, akageuza uso pembeni kwa adabu kwa sababu ya wageni.

"Mama, umeme umekatika."

"Nimeona, mwanangu. Sina macho?"

"Mbona kwa jirani unawaka?"

"Jirani ana bahati yake."

"Basi nawasha jenereta."

"Mafuta hakuna. Shemeji yako kachukua dumu."

"Nimelijaza jana mwenyewe."

"Basi kalichukua likiwa limejaa, ndiyo faida yake. Anas, nisikilize. Chomoa kile kijiti cha harusi uniletee. Umeme wetu ukirudi hurudi na hasira. Mwaka jana uliunguza friji na runinga ya baba yako. Ukiniunguzia nikahi yako nitaitoa wapi nyingine, nikuoze tena?"

Anas akaenda, akarudi na flashi, akampa mama yake mkononi. Mwanamke mmoja karibu na jiko aliziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

Ghazala akafuta unga mezani kwa kiwiko, akaweka kompyuta, akachomeka flashi. Amri ya kufuta ni fupi sana, maneno mawili matatu, na akilini ilishajipanga. Angeiandika kwa haraka, angeweza kufuta na nikahi pia, na hapo wanaume sitini wangeuliza. Aliinua vidole akaviweka mapajani.

"Unangoja nini?" akauliza Hajja Masuda.

"Nangoja iseme kwanza. Jumatano sikungoja."

Akaiandika upya, iokote katika daftari ile mistari iliyotoka kwenye folda yenye nukta, na iitaje tu. Orodha ikashuka kwenye kioo. Akaisoma kwa sauti, moja moja, kwa sababu aliogopa macho yake. Majina ya mafaili huandikwa na wale wasichana wa kamera, nao hawana breki.

"Kuingia bibi harusi. Kuingia bibi harusi, mara ya pili. Shangazi wa Zliten na sinia kichwani. Mama bwana harusi, ngoma ya kwanza. Mama bwana harusi, ngoma ya pili. Mama bwana harusi, ngoma ya tatu, bila viatu. Mama bwana harusi, bado."

Mke wa mtoto mkubwa wa Hajja Masuda, Hawa, aliyekuwa ameinamia sufuria, akanyoosha mgongo.

"Hajja," alisema taratibu, "goti liko wapi?"

"Goti gani?"

"Lile linalouma. Tangu Ramadhani mimi nakanda bazini peke yangu kwa ajili ya goti hilo."

"Siku ile lilipoa kidogo."

"Ngoma nne lilipoa. Halafu likarudi kwenye bazini."

Wanawake walicheka kwa kujibana, mabega yakiwatikisika, wengine wakishikilia sinki. Ghazala naye akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Hofu ilipungua, akasoma mpaka mwisho, themanini na tatu, hakuna hata moja ya nikahi iliyochanganyika humo.

"Kabla hujafuta," ilisema sauti ndogo, "tunaweza kuona moja?"

Ni Rihab. Bibi harusi wa siku saba alikuwa amesimama kando ya sinki tangu mwanzo, anasuuza kikombe kile kile. Katika nyumba ile bado hakujua vijiko vinakaa wapi, na kila mtu alimsifu kwa upole wake, jambo ambalo kwa bibi harusi maana yake ni kwamba hajasema kitu. Hajja Masuda alimtazama mkwe wake huyo mpya. Sidhani kama alikuwa amewahi kumsikia akiomba chochote.

"Ile ya bila viatu," alisema Hajja Masuda. "Kwa sauti ya chini. Na atakayenicheka atakanda yeye."

Wakasogea wote nyuma ya mgongo wa Ghazala, wakinukia kitunguu na mafuta ya zeituni. Ghazala kwa miaka kumi na moja hakuwahi kufungua hata moja. Akafungua. Pale kwenye kioo alikuwa Hajja Masuda, mwanamke wa miaka sitini na tano, nywele zake nyeupe zimeachiwa mpaka kiunoni, anazunguka mikono juu, macho kafumba, na watu wamempisha. Mbele yake, akijaribu kumfuata hatua na kushindwa, alikuwa Rihab mwenyewe na magauni yake mazito, amekunja pindo mkononi, anacheka mdomo wazi.

Na Rihab wa jikoni akacheka. Kicheko cha kweli, kilichomtoka bila kuomba ruhusa, mpaka Hawa akamziba mdomo kwa kiganja chenye unga, na hilo likawachekesha zaidi. Hajja Masuda akamvuta bibi harusi ubavuni kwake, akamshika kiuno. "Ulikuwa unakosea mguu wa kushoto," alimwambia. "Nitakufundisha. Nyumba hii hatuchezi hivyo."

Ghazala alikitazama kile kioo. Alikuwa amelinda kitu hiki miaka yote hii kwa majina na tarehe, na sasa ndiyo kwanza anakiona. Alikipenda. Na aliona aibu kubwa kwamba alikuwa karibu kukimwaga sebuleni kwa kiburi cha Jumatano moja.

Rekodi ikaisha. Akaiambia skripti itende. Akahesabu yaliyobaki: mia moja thelathini na moja. Akahesabu tena. Akamwambia Shangazi apekue flashi yote, juu na chini, na hata vyenye nukta, na Shangazi akarudi mikono mitupu. Hajja Masuda akainua swichi nyuma ya magunia. Kutoka marbua zikaja sauti za wanaume wakimshukuru Mungu, na Anas akaja kuchukua kijiti chake.

"Umerudi kwa hasira?" aliuliza.

"Leo umerudi na adabu," alijibu mama yake.

Ghazala alipokuwa akifunga kompyuta, Hajja Masuda alimpa kikombe cha chai yenye lozi juu na kukaa karibu naye.

"Sisi hatukuona kitu," alisema, na wanawake kumi na sita wakatikisa vichwa. "Anas hajui, baba yake hajui. Na Bi Zohra hana haja ya kujua. Unamfahamu. Akijua atafunga duka lenu, na atanisusa mimi pia."

Ulikuwa ushauri mwema, umetoka kwa mtu mwema. Ghazala aliunywa pamoja na chai. Ndani ya gari aliwasha injini, akaizima, akampigia Hajja Najiya na kumweleza yote.

"Nani anajua?" aliuliza Najiya.

"Jikoni tu."

"Basi limekwisha. Nenda nyumbani ukalale."

"Nilimwahidi nitakwenda."

"Ghazala, hiyo studio ni miaka kumi na moja yangu."

"Ni miaka kumi na moja yangu pia. Lakini mimi ndiye niliyeangaliwa usoni nikaulizwa."

Najiya alishusha pumzi. "Nenda basi," alisema. "Na ukifukuzwa, fukuzwa peke yako, sema mimi nilikuwa nalia."

Jua lilikuwa limeshafika kwenye mapaa alipogonga mlango wa Bi Zohra. Mlango ulifunguka kabla hajagonga mara ya pili. Bi Zohra alionyesha godoro la kukalia, akakaa mbele yake, mikono imepangwa. Ghazala akasema. Hakumtaja Bashir wala folda zake. Alisema ameandika skripti kwa haraka, hakuitaka iseme kwanza, na picha za ukumbini zimetoka, zikakaa siku moja nzima mkononi mwa wanaume, wala hazikufunguliwa, na sasa zimefutwa. Alisema pia kwamba ametazama moja, jikoni, pamoja na wengine.

Bi Zohra alimwacha amalize. Kisha akachukua simu yake kwenye mto, akaigeuza uso juu.

"Rihab alinipigia ulipotoka kule," alisema. "Nimekaa dirishani tangu saa hiyo. Nimeyaona magari yote ya mtaa huu. Lako nimeliona limesimama pale kona kitambo kizima."

"Nilikuwa naogopa."

"Najua. Ningesikia adhana ya magharibi bado uko pale kona, kesho asubuhi ningekuja na gunia kuchukua kila kitu chenye sura ya mwanangu." Uso wake wa shule ukalegea kidogo. "Alikuwa anacheka. Siku saba nampigia, ananijibu ndiyo mama, hapana mama. Leo anacheka mpaka hasikiki. Mlimfanya nini huko?"

"Hajja Masuda alimwambia anakosea mguu wa kushoto."

"Ni kweli anakosea," alisema Bi Zohra, akapangusa jicho kwa kidole kimoja, haraka. "Mdogo wake anaolewa mwezi wa Rajabu."

Ghazala aliinamisha kichwa. "Nitakutafutia studio nyingine, hajja. Nawajua wawili watatu wenye kazi safi. Nitazungumza nao mwenyewe."

"Studio nyingine ya nini?"

"Kwa sababu kwetu zimetoka."

"Huko nyingine zikitoka," alisema Bi Zohra, "nitaambiwa na nani?"

Adhana ilianza msikitini. Ghazala alifungua mkoba wake, akatafuta kalamu, akashindwa kuiona kwa machozi, na Bi Zohra akampa ya kwake ili aandike tarehe.